Chumba Chenye Meza Moja

Sogeeni. Anayekuna nazi aendelee kukuna, mimi nahitaji masikio tu.

Walikuwapo wanawake watatu katika kiwanda cha korosho huko Newala. Somoe alijua kutunga. Asumini alijua kuandika. Binasa alikuwa na mikono myepesi kuliko wote, na alipenda kusoma kuliko kula.

Somoe alikuwa mbanguaji, mpasuaji wa maganda magumu ya korosho. Mafuta ya maganda yalimtia vidole weusi usiotoka kwa sabuni, na karatasi aliyoigusa ilichafuka isisomeke. Basi hadithi yake aliitunga kichwani: mwanamke aliyesahau sauti ya marehemu mama yake, akawa anazunguka masokoni kuitafuta. Isingekuwa Somoe, hadithi isingekuwapo.

Asumini alimenya maganda ya ndani, kazi ambayo mikono hubaki safi. Kila mapumziko ya mchana aliweka chakula kando, akaandika alichoambiwa.

"Hapa unasema alilia," Asumini alimkatiza Somoe. "Jana ulisema hana machozi."

"Basi yatoe machozi."

"Niyatoe kweli?"

"Yatoe, shoga, ugali unapoa!"

Isingekuwa Asumini, hadithi ingeishia kichwani mwa mtu aliyechoka.

Binasa alikaa benchi moja na Somoe. Wazo likimjia Somoe, mkono ulisimama na ndoo haikujaa, na asiyejaza ndoo alifukuzwa. Binasa alijaza yake, kisha akamjazia mwenzake.

"Usinishukuru. Niambie tu, sauti ameipata?"

"Bado."

"Basi tunga. Mimi nabangua."

Bila ndoo zile, Somoe angerudishwa nyumbani na hadithi isingefika mwisho.

Waliituma kwenye shindano kwa majina yao yote matatu, ikashinda. Zawadi yake ilikuwa mwezi mzima katika nyumba ya waandishi kule milimani, mshahara ukiendelea, chakula kikipikwa na mtu mwingine. Lakini chumba kilikuwa kimoja, chenye kitanda kimoja na meza moja. Gari lingekuja Jumatatu kumchukua mtu mmoja. Asipopanda mtu, nafasi ingepewa wengine.

Jumamosi wakasukumiana heshima.

"Nenda wewe, Somoe. Hadithi ni yako."

"Na vidole hivi? Aende Asumini."

"Mimi! Aliyechoka ni Binasa."

"Nimechoka wapi? Mwacheni Somoe aende."

Wakaagana hivyo, kila mmoja akaenda kupika kwake.

Lakini Somoe alitamani kulifuata wazo moja mpaka mwisho bila kukatizwa na kengele. Asumini, aliyeandika maneno ya watu tangu shuleni, alitamani kuandika yake. Na Binasa hakuwahi kumaliza kitabu hata kimoja. Kila alipofungua, usingizi ulimkuta ukurasa wa pili.

Jumatatu gari likasimama getini. Somoe alifika na begi. Asumini alifika na begi. Binasa alifika akitembea taratibu, na chini ya khanga yake kulikuwa na begi.

Wakatazamana. Hakuna aliyecheka.

Dereva akafungua mlango. "Haya, akina mama, nani anapanda?"

Kengele ya kazi ikalia.

Nanyi mnaosikiliza, dereva anasubiri. Mngemtajia jina la nani?