Siku Kiboko Alipovishwa Kibao

Paukwa?
Pakawa!
Chungu?
Cha kupikia!
Ngoma?
Ya kucheza!
Na mkeka?
Wa kukalia!
Basi kalieni, nianze.

Hapo kale, kijijini kwa wanyama palikuwa na nyumba ya makumbusho. Ndani mlikuwa na chungu cha mababu, ngoma ya mababu na mikeka ya mababu, kila kimoja na kibao chake: USIGUSE. Makumbusho yakafungwa, mtunzaji akaenda zake. Kiboko akaingia, akajibwaga mlangoni, puu! Anayetaka kuchungulia sharti ampe miwa.

Masika yakaingia. Bi Pimbi, mfupi kama kinu, alikuwa akiwafundisha watoto kusoma uwanjani. Mvua ikawanyeshea, wakakohoa, kho kho kho. Uchungu ukamshika moyoni, akaenda mlangoni.

"Bwana Kiboko, tupishe watoto wajikinge."

"Lete miwa uchungulie. Vya kale haviguswi, havili, havisemi, havitoki. Kikitoka hakirudi. Ndiyo sheria."

"Nimesikia, bwana."

Kesho yake akarudi na kibao kipya: KIBOKO MKUU, WA KALE, WA THAMANI KULIKO VYOTE.

"Kuliko chungu?"

"Kuliko chungu."

"Kuliko ngoma?"

"Kuliko ngoma, bwana."

Kiboko akavimba kichwa, akainama, akavishwa.

Mvua ikakatika, jua likawaka. Bi Pimbi akaketi mbele yake akitafuna muwa, kwachu kwachu. Kiboko akanyoosha mdomo.

"A-a, bwana. Vya kale havili."

Ngozi ikamkauka, ikamwasha. Akataka kujikuna.

"A-a, bwana. Vya kale haviguswi."

Akataka kulalamika.

"A-a, bwana. Vya kale havisemi."

Akakitazama kibao chake kizuri, akavumilia. Alasiri mambo yakamfika shingoni. Akatimua mbio hadi mtoni, chubwi!

Aliporudi, maji yakimchuruzika, alikuta kijiji kizima kimejaa mlangoni, Bi Pimbi mbele.

"Umetoka, bwana. Na kikitoka?"

"Hakirudi!" wakaitikia wote. Sheria waliijua kwa moyo, kwa kuwa Kiboko mwenyewe aliwaimbia miaka yote.

Kiboko akageuka, akarudi mtoni. Mpaka leo hushinda huko.

Nyumba ikawa ya wote. Ngoma ikalia, ti-ndi-ti. Watoto wakasoma kwenye mikeka, wakavu, hakuna anayekohoa. Uji ukatokota kwenye chungu cha mababu, na Bi Pimbi akacheza mpaka miguu ikamuuma, kwa furaha.

Hadithi yangu imefika mlangoni, atakaye aingie. Mafunzo yake ni haya: watoto, mkiona kibao cha USIGUSE, kiheshimuni sana. Hasa kikiwa kikavu. Uji ule ulipikwa kwa vibao kumi na viwili, na ukaiva upesi.