Kilima Kilichoota Tena

Hapo zamani, moshi ulipokuwa bado unahesabiwa kwa macho, palikuwa na bonde ambalo watu wake walichemsha maji ya chumvi mchana kutwa. Chumvi ilibaki vyunguni, na kilima kilichokuwa juu ya bonde, kwa kukatwa kuni, kikabaki kipara. Moshi uliziba anga, watoto wakachora nyota kwa kusimuliwa tu.

Mtemi Nyanzobe akatoa amri: kila moshi unaopanda utatozwa kikapu cha chumvi.

Misigalo, mwenye meko, hakutaka kutoa. "Tuchemshe alfajiri," akawaambia watu wake. "Ukungu ukishuka, nani atajua upi ni moshi?"

Wakachemsha ndani ya ukungu. Ukungu ukashiba moshi, haukuondoka tena. Watu wakatembea wakiitana majina ili wasigongane.

Kalunde, mchota maji wa Misigalo, alichoka kukohoa. Akapanda kilima na mtungi wake hadi juu ya ukungu, akamwaga maji ya chumvi kwenye mwamba bapa. Jua likayanywa. Yaliyobaki yalikuwa mazito; moto mdogo ukayamaliza.

Misigalo alipoona, alicheka. "Kumbe jua halitozwi!" Akapeleka maji yote mwambani, akazima meko yote isipokuwa moja. Kisha akamwita Kapama, mkuu wa wachochea moto.

"Ndugu yangu, kazi imekwisha."

"Na mimi je?"

"Jua halichochewi, Kapama."

Ukungu ukaondoka. Watoto wakaziona nyota, wakalalamika kwamba hazifanani na zile walizochora. Kilima kikaota miti, nyuki wakaja. Kapama na wenzake wakafunga mizigo.

Mtemi akaita baraza. "Kilima hiki nitampa mmoja, yule aliyekirudishia miti. Yeye na watu wake waishi kwa asali yake."

"Nipe mimi, Mtemi," alisema Kalunde. "Mwambani nilipanda peke yangu."

"Mtungi mmoja haurudishi msitu," alisema Misigalo. "Aliyezima meko ni mimi."

"Uliyazima kwa kuogopa kikapu, bwana!"

Baraza likacheka. Kapama akatua mzigo wake.

"Mimi sikugundua kitu, wala sikuzima kitu. Nilizimwa. Lakini njaa ilipotuuma, shoka lilikuwa begani na miche ilikuwa mbele yetu. Hatukuikata. Ukinipa kilima, Mtemi, wanangu watafungua mizigo. Usiponipa, tunaondoka leo."

Mtemi akageuka kukitazama kilima. Nyuki walisikika mpaka barazani.

Jua linazama, na mzigo wa Kapama bado uko chini. Nyinyi mnaosikiliza, semeni: kilima apewe nani?