Nyama Yako, Mifupa Yangu

Paukwa! Mnaitika kama mmefunga. Haya, tena: paukwa! Afadhali. Hapo kale, jogoo walipowika kwa zamu na mwezi ukishuka kuteka maji, palikuwa na mji wa Ukunguni, na katika mji palikuwa na chuo cha kusomea watoto, na katika chuo palikuwa na mwalimu, Bi Mwanashali, na Bi Mwanashali alikuwa amechoka.

Amechoshwa na nani? Na Kombo. Wenzake wakisoma alifu, be, te, Kombo anagonga ubao wake: ko-ko, ko. Akitazamwa, kimya. Akigeuziwa kisogo, ko-ko, ko. Kama wewe, Riziki, unayemfinya mwenzio ukidhani sikuoni. Bi Mwanashali akamchapa, akagonga. Akamchapa tena, akazidi kugonga, na chuo kizima kikagonga naye.

Sasa, watu wa Ukunguni wakimpeleka mtoto chuoni, mzazi alimshika mwanawe mkono, akamkabidhi mwalimu, akasema, "Nyama yako, mifupa yangu." Yaani mchape utakavyo, mradi usimvunje. Wote walisema hivyo, na walimu wote walielewa hivyo.

Basi Bi Mwanashali akaenda kuuliza: mtoto asiyesikia fimbo afanywe nini? Akamwuliza Jumbe, mkuu wa mji. Akajibiwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Akamwuliza mzee wa msikiti. Methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Akawauliza wanawake kisimani. Methali, methali, methali. Akarudi akisonya njia nzima, akijisemea kwamba ameuliza dawa akapewa misemo, sasa awachape kwa misemo?

Jumbe naye, kuona mwalimu anauliza-uliza, akasema huyu ameshindwa. Akatangaza kwamba Ijumaa atakuja kusikiliza, na akikuta vurugu, watoto wote watakabidhiwa Makame. Makame huyo, naye mwalimu, alikuwa na kikoto, mjeledi wa ukili, na watoto waliotoka kwake walikuwa kimya kweli, kimya mpaka nyumbani, kimya mpaka mama zao wakalia.

Asubuhi yake akaja Mize, mamake Kombo, msichana wa juzi tu, anahema, kanga inamteleza.

"Mwalimu wangu, sikuja kugomba, nimekuja tu, naogopa, Makame ataniulia mtoto, na yale maneno niliyasema kwa kuwa wote husema, ningesema nini mimi, basi nakuomba, nirudishie nyama yangu niende nayo nyumbani."

Bi Mwanashali alitaka kumfokea kwamba kilichokabidhiwa hakirudishwi. Nyama irudishwe? Ukiombwa kurudisha, basi ulipewa: kumbe ilikuwa yake yeye mwalimu kweli, yake kama mkono wake mwenyewe, na kila siku alikuwa akiichapa.

Akamwomba Mize amwachie mtoto hadi Ijumaa. Kisha akamwinamia Kombo, ambaye katika kuuliza kwake kote hakuwahi kumwuliza.

"Baba, unagongea nini?"

Kombo akatazama miguu yake. "Mikono ikitulia, herufi zinanikimbia."

Mwalimu akashusha pumzi. Akamwambia agonge, ila awagongee wote: yeye apige, wenzake wasome. Akipiga ovyo, wote warudi alifu, naye ndiye awaanzishe. Na walirudi alifu, wajukuu! Walirudi mpaka wenzake wakambembeleza, Kombo, twende vizuri angalau tufike jimu. Bi Mwanashali alichoka kuliko alipokuwa akichapa, nisiwadanganye.

Ijumaa Jumbe akaja, Makame nyuma yake. Ko-ko, ko: alifu. Ko-ko, ko: be. Katikati Kombo akateleza. Makame akakunjua kikoto. Mize, mlangoni, akafumba macho. Lakini Kombo mwenyewe akainua mkono, akasema, "Alifu," na wote wakaanza upya bila kufokewa, wakaenda, wakaenda, wakafika ye, herufi ya mwisho.

"Na fimbo iko wapi?" akauliza Jumbe. "Si uliambiwa nyama yako?"

"Niliambiwa, Jumbe. Ndiyo maana siichapi. Nani anachapa nyama yake?"

Jumbe akatafuta methali. Hakuipata. Makame akakunja kikoto chake.

Tangu hapo wazazi wa Ukunguni husema maneno yaleyale, ila walimu husikia mengine. Basi, wajukuu, ukitaka kujua mtoto ana nini, anza kwa mtoto mwenyewe, methali zitakusubiri.

Kisa changu kimefika ye. Atakayekisimulia ovyo, arudi alifu. Riziki, mwachie mwenzio.