Chui Afyeka Msitu Wake

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti za njaa? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa mmeamka. Zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanasalimiana kabla ya kulana, Chui alikuwa na msitu. Msitu mnene, miiba kila mahali. Paa hata mmoja hakanyagi. Chui akakonda, mbavu nje.

Siku moja akauzunguka msitu, pua chini. Nusa-nusa-nusa! Ukingoni akaona kwato ndogo. Akaona mavi ya paa, mabichi. Mate yakamtoka. "Kumbe wanapita! Nikiwatengenezea, wataingia wenyewe."

Akashika panga. Fye! Fye! Akafyeka njia. Akazibua chemchemi, majani yakachipua. Akamwaga magadi kwenye kichuguu, maana paa kwa chumvi hawajiwezi. Kisha akajibanza kichakani.

Akaja Bi Paa na mwanawe. Kiangazi kilikuwa kikali, maziwa yamemkauka, mtoto analia. Akatamani kuingia. Lakini akaona ncha ya mkia ikitikisika kichakani. Akasimama mbali.

"Hodi, Bwana Chui!"

"Karibu, Bi Paa! Karibu majani!"

"Ahsante, bwana. Pazuri hapa! Ila mwanangu anakiogopa hicho kichaka. Kingefyekwa, ningeleta na dada zangu."

Dada zake! Chui akapiga hesabu ya minofu. Fye! Fye! Kichaka chini.

Kesho yake: "Hodi, Bwana Chui! Shangazi zangu wanakiogopa kile cha kulia." Fye! Fye! Chini.

Keshokutwa: "Hodi, Bwana Chui! Bibi yetu anauogopa ule mti wenye tawi nene." Tawi lake la kulalia, jamani! Akaukata. Puu!

Siku ya nne wakaja ukoo mzima. Chui akakimbilia kujificha. Huku, hakuna. Kule, hakuna. Akalala kifudifudi kwenye majani mafupi, akafumba macho.

"Shikamoo, Bwana Chui!" watoto wakaimba. "Twakuona! Twakuona!"

Akaruka. Paa tipwa! tipwa! tipwa! Wameshafika ng'ambo. Akachoka, akakaa. Wakarudi, wakala.

"Lakini nimefyeka mimi!" Chui akalia.

"Na umefyeka vizuri, bwana," akasema Bi Paa, mwanawe ananyonya, povu la maziwa mdomoni. Moyo wa mama ulikuwa mweupe kwa furaha siku ile.

Chui akaenda kutafuta panya.

Basi, wanangu, na nyinyi watu wazima mnaojifanya hamsikii: anayemkaribisha mwenzake ili amle, tamaa yake ndiyo itakayomwanika.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye majani mafupi. Anayetaka kujificha, akapande kichaka.