Dalali Shekiondo na Nyumba ya Bi Mashavu

Dalali Shekiondo alimpa Bi Mashavu gunia la mchele, bibi akautia sahihi mkataba bila kusomewa. Kumbe mkataba ulisema kwamba kwa miaka arobaini Shekiondo peke yake ndiye atakayewaonyesha wanunuzi nyumba ya bibi.

“Nifungue, baba,” bibi aliomba.

“Mkataba ni mkataba!”

“Haya, wanunuzi hao mlangoni. Waonyeshe.”

Siku hiyo dalali aliwatembeza watu thelathini, chumba kwa chumba. Kesho yake, sitini. Wote waliisifu dari, wakaaga. Siku ya nne, miguu ikiwa imevimba, aliuchana mkataba mwenyewe.

“Wanunuzi gani hawa, bibi?” alifoka.

“Wanunuzi wapi, mwanangu! Nilitangaza sokoni: atakayeitazama nyumba yangu, andazi bure.”