Kiraka Ndani ya Gitaa la Shaba

Wapo watu wakiumwa jino hutafunia upande mmoja na kuchekea upande huohuo, mradi asijue mtu. Ukiwauliza, hawajambo. Ukiwasogezea kashata, wameshiba. Sabiri, fundi baiskeli wa Chumbageni, alikuwa mmoja wao, ila kilichomtesa yeye hakikuwa jino. Kilikuwa gitaa.

Gitaa lenyewe halikuwa la mbao. Kiwiliwili chake chote kilikuwa cha shaba iliyopakwa madini meupe, na ndani, chini ya kifuniko chenye matundu, ililala koni ya alumini nyembamba kama karatasi. Koni hiyo ndiyo iliyobeba nyuzi na kulipa gitaa sauti yake kubwa. Mwenye mali alikuwa Bi Zeyana, mjane wa Mzee Taimur, aliyelinunua zamani kwa baharia wa meli iliyokuja kupakia mkonge. Macho ya Bi Zeyana yalikuwa yameingia ukungu, lakini masikio yake, mashaallah, yalisikia hata mchwa akila mlango. Alikuwa amemwazima Sabiri gitaa lile mwaka wa tatu sasa, na kila Ijumaa baada ya swala Sabiri alikwenda kumpigia. Sharti lilikuwa moja tu: lifutwe kwa kitambaa kikavu.

Ramadhani ikiwa ukingoni, Bi Zeyana alimwambia, "Sabiri mwanangu, Idi kubwa Wael, mtoto wangu wa kuzaa, anakuja kutoka Maskati. Mbele yake nataka nikupe gitaa hili liwe lako, hiba. Sitaki nife watu wagombane."

Sabiri alirudi nyumbani kichwa kimejaa upepo. Mtaa mzima ulikuwa ukisugua masinia na madele ya kahawa kwa ajili ya Idi ndogo, na kisuguio kilikuwa kilekile cha mama zetu: ndimu, chumvi na majivu. Mkewe, Nasma, alikuwa uani na beseni lake. Sabiri akajisemea, shaba si shaba? Akalilaza gitaa, akalisugua mpaka akajiona sura. Maji ya ndimu na chumvi yakawa yanapenya kwenye matundu ya kifuniko, tone baada ya tone, naye anapiga mluzi. Mjinga akifurahi, wacha kabisa.

Wiki tatu hazikupita, gitaa likaanza kulia vibaya. Kila alipogusa uzi mnene, ndani kulijibu mchakacho kama wa nyuki aliyefungiwa koponi. Sabiri alifunga mlango wa karakana mchana kweupe, akalegeza nyuzi, akatoa skrubu na kuinua kifuniko. Koni ilikuwa imeota unga mweupe, na mahali pawili chumvi ilikuwa imeila mpaka ikatoboka.

Aliogopa. Tusimpambe, aliogopa mpaka akakaa chini kwenye mafuta ya grisi. Aliona waziwazi mkono wa Bi Zeyana ukilichukua gitaa lisirudi tena.

Ng'ambo ya barabara alikuwapo Ernesti, fundi wa redio na spika, aliyeshinda akibadilisha koni za spika siku nenda siku rudi. Kumfikia ni hatua ishirini. Lakini Ernesti ndiye aliyetengeneza redio ya Bi Zeyana, na Sabiri aliona kumwambia yeye ni sawa na kumwambia mwenye mali. Basi akafanya alichokijua. Akakata viraka viwili vya mpira wa tyubu, akavipaka gundi ya solusheni, akavibandika kwenye koni kama azibavyo pancha. Na huyo ndiye Sabiri aliyekuwa akiwafokea wateja, "Sema ulianguka wapi! Baiskeli si mkweo umwonee haya."

Mchakacho ulinyamaza, lakini sauti nayo ikazama. Ili aipate tena, akafunga nyuzi nene zaidi, akazikaza. Wiki iliyofuata akazikaza tena. Kila alipozungusha ufunguo alisikia koni ikiguna chini ya mzigo. Chakula kikawa hakipiti. Simu ikiita, anaruka. Ijumaa, siku aliyokuwa akiipenda kuliko zote, ikawa siku aliyoiogopa.

"Mbona lina mafua?" Bi Zeyana aliuliza Ijumaa moja, akiinamisha kichwa.

"Unyevu tu, Bi Zeyana. Masika haya."

"Taimur alilipiga masika arobaini. Sabiri, kuna neno?"

"Hakuna neno."

Nasma alimwona mumewe anavyokonda, akambana mpaka akamweleza yote. "Kamwambie Bi Zeyana. Kwani atakutafuna?"

"Nikimwambia silipati tena. Niache, mke wangu."

Hata Ernesti alimwita siku moja kutoka kibarazani kwake. "Jirani, nimelisikia gitaa lako. Lilete nilitazame, dakika kumi tu."

"Lina nini? Ni zima kabisa," Sabiri alijibu, akaingia ndani haraka.

Idi kubwa ikafika. Baada ya pilau ya mchana, jamaa walikaa ukumbini kwa Bi Zeyana. Wael alikuwapo na binti yake Bayan, na Ernesti naye alikuwa amealikwa. Bi Zeyana alivaa vizuri akaketi karibu kabisa na Sabiri. "Nipigie ule wimbo wa Taimur," alisema. "Kisha nitasema langu."

Sabiri alianza taratibu. Alizuia vidole visiuguse uzi mnene kwa nguvu, akavizuia, akavizuia, mpaka wimbo wenyewe ukafika pale usipoweza kwenda bila uzi ule. Akaupiga. Koni ikabonyea. Ndani ya gitaa kulitoka mlio wa sufuria iliyokanyagwa, nyuzi zote zikalegea, wimbo ukafa hapohapo.

"Limeanza lini?" Bi Zeyana aliuliza kwa upole.

Mlango huo ulikuwa wazi, wasomaji wangu. Angepita. Lakini hofu ilikuwa imeshamzoea, ikamjibia. "Leo tu, Bi Zeyana. Sasa hivi."

Wael alimpa Ernesti bisibisi. Sabiri alitamani ardhi impokee. Skrubu zikatoka moja moja, kifuniko kikainuliwa, na vile viraka viwili vyeusi vikaonekana vimekaa kwenye koni iliyobonyea. Mkato ule wa duara, wenye kingo zilizopigwa msasa, hakuna mwenye baiskeli Chumbageni asiyeujua. Ernesti alimtazama Sabiri, akainamisha macho. Bi Zeyana alinyoosha mkono, akapapasa, kidole chake kikasimama juu ya mpira.

"Gundi imekauka siku nyingi," alisema. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Sabiri zaidi. "Bayan, fungua sanduku la babu yako. Lete lile kopo la biskuti."

Kopo likaletwa. Ndani yake, kwenye karatasi laini, zilikuwamo koni mbili mpya na seti ya nyuzi.

"Taimur aliagiza nne," alisema Bi Zeyana. "Mbili aliziua mwenyewe. Moja aliimwagia kahawa. Alikuja akaniambia siku ileile, tukacheka. Zimebaki hizi. Ungesema, Ernesti angekuwekea ukiwa unakunywa chai."

Ernesti aliweka koni mpya, akafunga nyuzi za kadiri yake, akagusa ule mnene. Sauti ikajaa ukumbi mzima. Bi Zeyana alifuta machozi kwa ncha ya mtandio, akasikiliza mpaka ikaisha yote.

"Wael," alisema, "lifunge vizuri. Utaondoka nalo."

"Bi Zeyana, nisamehe," Sabiri alisema kwa taabu.

"Nimekusamehe, mwanangu. Koni si kitu. Lakini mwezi mzima na zaidi nimekuuliza, nawe unanijibu hakuna neno. Kitu cha Taimur nitakiachaje kwa mtu ambaye kikiumwa hasemi?"

Sabiri alitoka na mikono mitupu, akapita mbele ya duka la Ernesti lililofungwa kwa sikukuu, akazihesabu zile hatua ishirini hadi mlangoni kwake. Ama kweli, mficha maradhi, kifo humuumbua.