Kabati Lililokataa Kufunguka

Nikisema "Kisa!", nanyi wajukuu zangu semeni "Kije na utamu wake!" Haya. Kisa!

Vizuri. Zamani hizo, paka alipokuwa bado anabisha hodi kabla ya kuingia jikoni, palikuwa na mji ulioitwa Kivumbasi. Ulitawaliwa na Jumbe Mwinyipembe, mtu mwenye tumbo pana na subira fupi. Alikuwa na washauri wawili, mmoja kulia, mmoja kushoto. Jumbe akisema neno, wa kulia husema, "Kweli!" Wa kushoto husema, "Kweli tupu!" Kazi yao ilikuwa hiyo tu, na kila jioni walirudi nyumbani wamechoka.

Siku moja mke wa Jumbe, Bi Mwanatenga, akamwambia, "Bwana, panya wanamaliza unga. Nataka kabati la jikoni."

Jumbe akamwita Fundi Shali, seremala wa mji. "Nataka kabati la milango ishirini! Baada ya siku arobaini Jumbe wa Pangawe anakuja kula karamu kwangu. Nataka alione, akose usingizi."

"Milango ishirini kwa panya watatu," akanong'ona Bi Mwanatenga.

Fundi Shali alikuwa mtu mpole. Akaleta ubao wa mninga, akaugonga kwa kidole: pu, pu. "Unasikia, Jumbe? Huu bado una maji. Ubao hulala kivulini masika mawili, mpaka ukiugonga uite: ngo! Tena iko desturi ya babu zangu. Kwa kila mti unaokatwa, mwenye kuagiza kabati hupanda miche mitatu kwa mkono wake."

"Mimi? Nichimbe udongo kama fuko?"

"Si kama fuko, Jumbe. Kama mtu anayetaka kabati."

Mnacheka? Jumbe hakucheka. "Kabati langu atalitengeneza mwingine! Na karamu ikiisha, kesho yake naufyeka msitu wako wote wa mininga uwe kuni, nawe uhame mji huu!"

"Kweli!"

"Kweli tupu!"

Maskini Fundi Shali! Msitu ule babu yake aliupanda mche kwa mche. Akarudi nyumbani, akachukua kata ya maji, akamwagilia miche yake kama kawaida. Angefanya nini tena?

Basi akaletwa Fundi Upesi. Huyo asubuhi aliangusha msufi mmoja mkubwa, na jioni msufi ulikwisha kuwa milango, maji yanatiririka. Akaipaka udongo mwekundu na mafuta ya nazi, ikawa kama mninga. Siku ya kumi, kabati tayari.

Jumbe akaligonga: pu, pu. "Mbona linasema pu?"

"Hiyo ni sauti ya heshima, Jumbe," akasema wa kulia.

"Heshima tupu!" akasema wa kushoto.

Siku ya karamu ikafika. Jumbe akaamuru vyungu vyote vya wali, mchuzi na kuku vifungiwe kabatini vikiwa vya moto, ili avitoe mbele ya mgeni. Wanangu, mvuke wa vyungu na mbao mbichi! Mbao zikavimba, zikajipinda, zikabanana kama watoto kitanda kimoja.

Mgeni akakaa. Jumbe akavuta mlango. Umegoma. Akavuta wa pili, kishikio kikamtoka mkononi, akaanguka chali.

"Mlango wa mkubwa haufunguki ovyo," akasema wa kulia.

"Ovyo kabisa!" akasema wa kushoto, kwa sababu njaa ilimchanganya.

Fundi Upesi akatafutwa. Alikwisha kuondoka, upesi. Bi Mwanatenga akamwita Fundi Shali, akaja na patasi yake. Akagonga: pu, pu.

"Naweza kulifungua, Jumbe. Lakini mimi ni mtu wa kuhama kesho. Anayehama hafungui makabati ya watu."

Harufu ya mchuzi ikapenya kwenye ufa. Jumbe akameza mate. "Usihame! Msitu wako usiguswe!"

"Na miche ya msufi uliokatwa?"

Jumbe akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akakunja kanzu, akapiga magoti uani, akachimba, akapanda miche iliyoletwa kutoka kwa Fundi Shali. Mmoja. Wa pili. Wa tatu.

"Hii nini?" akauliza Jumbe wa Pangawe.

"Hii?" Jumbe Mwinyipembe akajifuta tope. "Hii ni desturi ya majumbe wakubwa. Wadogo hawaiwezi."

"Mimi mdogo? Nileteeni miche minne!"

"Mimi nipeni sita!"

Fundi Shali akang'oa bawaba taratibu, vyungu vikatoka. Bi Mwanatenga akachungulia uani, akaona majumbe wawili na washauri wao wanachimba kwa ushindani. "Waacheni," akasema. "Sisi tule." Walipomaliza miche themanini, mezani palibaki mifupa.

Baada ya masika mawili, Fundi Shali akatengeneza kabati la mninga la milango mitatu. Waliohama ni panya.

Mnataka kuliona? Hili hapa nyuma yangu, limepita mikono mingi mpaka likanifikia. Ligonge, mjukuu wangu. Umesikia? Ngo! Kitu chema hungoja kukauka, na anayekata apande. Sasa vuta mlango kwa kidole kimoja. Mabumunda yenu matamu yako ndani.

Kisa changu nimekifunga, ufunguo nawaachia ninyi.